Mheshimiwa Anaripoti: Barua za Andrew Marvell kwa Watu wa Hull

Ukimtaja Andrew Marvell mbele ya mtu aliyesoma fasihi ya Kiingereza chuoni, atakutajia shairi moja tu: lile la mwanamume anayembembeleza mwanamke anayejivutavuta, akimkumbusha kwamba muda hawana. Akiwa na kumbukumbu nzuri ataongeza kwamba mle ndani mto Ganges umetajwa, na mto Humber pia. Humber ni mto wa kwao Marvell. Kando yake uko mji wa bandari wa Hull, kaskazini mashariki mwa Uingereza, alikokulia na kusomea. Na kwa karibu miaka 20, tangu 1659 hadi alipofariki tarehe 16 Agosti 1678, huyu bwana wa mashairi ya mapenzi na bustani alikuwa mbunge wa mji huo.

Mshairi kuingia kwenye siasa si habari kwetu. Shekhe Kaluta Amri Abedi, aliyetuachia Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri mwaka 1954, alikuja kuwa Meya wa Dar es Salaam na kisha Waziri wa Sheria, na hakuna aliyeshangaa. Cha kushangaza kwa Marvell ni kwamba aliwaandikia waliomchagua. Aliandika, akaandika, akaandika tena. Barua alizolipelekea baraza la mji wa Hull na ambazo zipo hadi leo zinakaribia 300, mbali na zile za chama cha mabaharia wa mji huohuo na za ndugu na marafiki. H. M. Margoliouth alizichapisha mwaka 1927 huko Oxford pamoja na mashairi, juzuu mbili: moja ya mashairi, moja ya barua. Juzuu inayosomwa ni ya kwanza. Leo nataka kuizungumzia ya pili, kwa sababu nadhani inasomwa vibaya na wale wachache wanaoisoma. Wanatafuta mshairi mle ndani, hawamwoni, wanafunga kitabu.

Barua yenyewe ikoje? Inafunguliwa kwa salamu ya adabu kwa meya na wazee wa mji. Halafu anaingia kazini moja kwa moja. Leo muswada fulani umesomwa mara ya pili ukapelekwa kamati. Baraza la Malodi limeurudisha ule mwingine ukiwa na marekebisho. Mfalme ameomba fedha. Baraza la Chini limekubali kiasi hiki. Zitakusanywa kwa njia hii na kuanzia tarehe hii. Kura zilipohesabiwa, waliokubali walikuwa kadhaa na waliokataa kadhaa. Mwishoni anaomba radhi: usiku umekwenda, posta inaondoka, amekaa kikaoni siku nzima. Kuna mahali anasema kazi ya Bunge imekuwa ndefu kiasi kwamba ikifika usiku hana muda wala nguvu ya kushika kalamu. Na hiyo anaiandika kwa kalamu.

Hakuna tashbihi. Hakuna mafumbo. Utani upo, lakini ni wa kuokoteza. Mwishoni mwa 1660 watu wa Hull walimpelekea yeye na mbunge mwenzake zawadi ya pombe ya kienyeji ya mji wao, na akajibu kwa shukrani kwamba zawadi hiyo itawafanya wawakumbuke mara kwa mara, ila kwa wingi wake inaweza kumsahaulisha hata mtu asiye mlevi. Basi. Kicheko kimoja, kisha kurasa nyingi za ushuru.

Sasa kabla hujafunga kitabu, fikiria mambo mawili.

La kwanza, wakati ule kuyatoa nje mambo ya Bunge kulikuwa ni kosa. Hakukuwa na gazeti lililoruhusiwa kuripoti mijadala. Kumbukumbu rasmi za Baraza la Chini ziliandika maamuzi na hesabu za kura, siyo hotuba, na siyo majina ya waliopiga kura. Kura ikiitishwa, upande mmoja ulitoka nje ya ukumbi, mwingine ukabaki ndani, watu wakahesabiwa kama wanavyohesabiwa mbuzi mlangoni pa zizi, na majina yaliyoandikwa yalikuwa ya wahesabuji tu. Orodha rasmi za nani alipiga kura gani zilianza kuchapishwa mwaka 1836, yaani zaidi ya miaka 150 baada ya Marvell kuzikwa. Kwa hiyo barua hizi, kwa wale waliozipokea, hazikuwa za kukamilisha habari walizokwishazipata. Ndizo zilikuwa habari zenyewe.

La pili, watu wa Hull walimlipa. Posho yake ilikuwa shilingi 6 na peni 8 kwa siku ya kikao, ambayo ni theluthi moja ya pauni, na ilitoka kwenye mfuko wa mji, siyo hazina ya mfalme. Desturi hiyo ilikuwa inakufa. Miji mingi ilikwishaiacha, ikawaachia wabunge wajitafutie wenyewe, na wakajitafutia kweli. Sisi tunaolijua neno posho kutokana na kelele za kila mwaka tunaweza kulielewa jambo hili upesi kuliko wasomi wa Oxford. Anayekulipa ndiye unayemwandikia.

Ukizisoma ukiwa na mambo hayo mawili kichwani, ukavu wa barua unabadilika. Unaanza kuona kwamba mtu huyu anachagua. Kila siku mambo 20 yanatokea, na yeye anachagua manane yatakayomgusa mfanyabiashara wa bandarini: ushuru wa divai, kodi ya meko iliyotoza shilingi 2 kwa kila meko kwa mwaka, vita na Wadachi vinavyozuia meli. Anafuatilia mnara wa taa za kuongozea meli katika rasi ya Spurn, kwenye mlango wa Humber, suala lililowakera wenye meli kwa miaka. Anahangaikia muswada wa kulitenga kanisa la Holy Trinity la Hull na parokia ya Hessle liwe parokia yake, na anaeleza kila hatua, hata zile za kuchosha, kwa sababu anajua kule wanahesabu siku. Mara nyingine anauliza. Juu ya muswada wa kuwapa wageni uraia, anawauliza: ninyi huko Hull mnauonaje? Swali fupi, katikati ya taarifa, kana kwamba ni jambo la kawaida mbunge kuuliza.

Kuna barua ya 1661 ambayo ningependa isomwe na kila mgombea. Marvell na Kanali Anthony Gilby, mbunge wa pili wa Hull, walikuwa wamegombana kwenye uchaguzi. Gilby alikuwa mtu wa mfalme; Marvell alikuwa amefanya kazi ofisi moja na John Milton chini ya utawala wa Cromwell. Kimya kingetosha. Lakini Marvell anawaandikia wazee wa mji akiwaambia waziwazi kwamba uhusiano wao umevunjika, na papo hapo anawahakikishia kwamba katika shughuli za mji watafanya kazi pamoja kana kwamba hakuna kilichotokea. Hajitetei. Hasemi nani alianza. Anachotaka wajue ni kitu kimoja: ugomvi wetu hautawagharimu ninyi.

Msidhani namfanya mtakatifu. Mwaka 1662 alipigana na mbunge mwenzake, Thomas Clifford, na akalazimishwa kuomba radhi kwa sababu ilionekana ndiye aliyeanza. Mwaka huohuo alikwenda Uholanzi akakaa huko mpaka wakubwa wakaanza kuishauri Hull ichague mtu mwingine. Akarudi mbio mwaka 1663, na kabla mwaka haujaisha akaondoka tena, safari hii na ubalozi wa Earl wa Carlisle kwenda Urusi, Sweden na Denmark, akarudi mwanzoni mwa 1665. Kuhusu hotuba, alikuwa mmoja wa wabunge wanaosema kwa nadra sana. Hotuba yake ndefu kuliko zote zilizonukuliwa ni ya Machi 1677, na tunayo kwa sababu mbunge wa Derby, Anchitell Grey, alikuwa na tabia ya kuandika anayoyasikia. Watu wanapenda kusimulia kwamba Waziri wa Fedha Danby alimfuata chumbani kwake akamtolea pauni 1,000, na Marvell akamwonyesha mfupa wa kondoo wa jana kumthibitishia kwamba chakula anacho. Ni hadithi iliyoanza kusimuliwa muda mrefu baada ya kifo chake. Ina harufu ya ngano. Mimi naipenda zaidi barua moja ya miaka ya 1670. Hull ilimpelekea Duke wa Monmouth, mlezi wa heshima wa mji, zawadi ya sarafu 6 za dhahabu, na Marvell ndiye aliyezifikisha. Anawaeleza namna alivyogundua kwamba Duke alitaka kumgeuzia yeye zile sarafu, na namna alivyowahi kulizuia jambo hilo kabla halijatamkwa. Dhahabu kidogo, aibu kidogo, na mtu anayeandika ripoti ili sarafu sita zijulikane zilipoishia. Hilo naliamini kuliko mfupa.

Huo ndio utetezi wangu. Sasa upande wa pili.

Soma barua hizo moja baada ya nyingine ukitafuta jambo moja tu: mheshimiwa mwenyewe alipiga kura gani? Hulipati. Mwanzoni, mwaka 1660, bado anaonyesha kidogo anachokitamani, kwa mfano kuhusu kuvunjwa kwa jeshi la Cromwell. Kadiri miaka inavyokwenda, nafsi yake inatoweka. Baraza limeamua. Baraza limegawanyika. Wengi walikuwa hivi. Kura yake imo ndani ya hesabu aliyoiandika, lakini haijulikani iko upande upi. Anaripoti kila kura isipokuwa yake.

Na alikuwa na maoni, tena makali. Tunajua kwa sababu alikuwa na mpwa.

William Popple alikuwa mtoto wa dada yake, mfanyabiashara huko Bordeaux, Ufaransa (huyu ndiye baadaye, mwaka 1689, aliyetafsiri kwa Kiingereza barua ya John Locke juu ya kuvumiliana katika dini). Kwetu mjomba na mpwa wana uhuru wa maneno ambao baba na mwana hawana, na ukisoma barua za Marvell kwa Popple utadhani desturi hiyo ilifika mpaka Hull. Tarehe 21 Machi 1670 anamwandikia. Bunge lilikuwa linashughulikia sheria ya kuzuia ibada nje ya kanisa la dola: wakikutana watu watano au zaidi wasio wa nyumba hiyo, kila mhudhuriaji faini ya shilingi 5, akirudia 10, mhubiri pauni 20, akirudia 40, na mtoa habari anakatiwa theluthi ya faini. Watu wa Hull walipewa taarifa ya mwendo wa muswada huo kwa utulivu uleule wa taarifa za divai. Popple anaambiwa kwamba ni kiini halisi cha uovu wa kutawala bila sheria. Anaambiwa kwamba tangu Uingereza itekwe na Wanormani hakuna mfalme aliyekuwa na nguvu kama hizi nyumbani kwake. Na kisha mbunge, mwenye miaka 11 ya uzoefu, anamuuliza mpwa wake: katika hali hii, Will, unadhani naweza kufanya jambo gani la maana?

Swali hilo halikupelekwa Hull. Hao ndio waliomtuma, hao ndio waliolipa, na wengi katika mji ule walikuwa na jamaa wanaosali kwenye mikutano hiyohiyo inayopigwa marufuku. Wao walipata hesabu ya kura. Will wa Bordeaux akapata mtu.

Ukitaka kuona pengo linavyozidi kupanuka, chukua shairi la Last Instructions to a Painter, lenye tarehe ya Septemba 1667, karibu mistari 1,000, lililozunguka kwa nakala za mkono bila jina na kuchapishwa baada ya yeye kufa. Sehemu moja kubwa inauchora mjadala wa ushuru wa bidhaa wa mwaka 1666 kama vita: wabunge wa mfalme wanaingia kwa vikosi, kikosi cha wenye vyeo, kikosi cha wenye madeni, kikosi cha walevi, na upande wa pili wachache wanaokaidi. Majina yametajwa. Tabia zimetajwa, na mambo ya chumbani pia, ambayo sitayarudia hapa. Mwandishi alikuwamo ukumbini, aliona nani kanunuliwa na nani kasinzia. Mjadala huohuo upo kwenye barua za Hull, umepangwa vizuri, tarehe kwa tarehe, bila uso hata mmoja. Watu wa Hull walilipa posho. Watu wa mikahawa ya London wakapata ukweli bure.

Wahakiki wa Marvell wana neno la kumfunika nalo. Nigel Smith, aliyeandika maisha yake mwaka 2010, aliweka kinyonga kwenye jina la kitabu. Kinyonga ni sawa kwa mashairi. Kwa mbunge, neno hilo linamsamehe mapema mno.

Kuna utetezi wa hatari, na ni wa kweli. Hull ilikuwa mji wenye ngome na askari wa mfalme. Gilby alikuwa na masikio yake huko. Posta ilifunguliwa njiani. Mwaka 1675 Marvell anagundua kwamba yaliyomo kwenye barua zake yamevuja. Anawaomba wazee wa mji wazitunze, na anasema inaonekana kuna mlinzi aliyewekwa kuwaangalia yeye na wao. Hapo nanyamaza. Mtu anayeandika huku akijua kuna jicho la tatu hawezi kuandika kama anavyomwandikia mpwa wake, na ni nani kati yetu, siku hizi za picha za skrini kusambazwa kwenye makundi ya WhatsApp, asiyelijua hilo?

Upo pia utetezi wa kazi, ambao sijausikia ukitolewa lakini naona una uzito. Baraza la Hull halikumtuma London akawe nabii. Lilitaka taa za Spurn, parokia, ushuru nafuu. Vitu hivyo hupatikana kwa kubisha hodi milangoni pa watu ambao kesho utapiga kura dhidi yao. Mji wenye mbunge anayejulikana kuwa mpinzani hupata taa zake mwisho. Inawezekana wazee wa Hull hawakutaka kujua kura yake, wakamlipa ili asiwaambie. Na tukumbuke wazee hao ni nani: meya na kundi dogo la matajiri wa bandari. Wavuvi, wachukuzi, wanawake waliouza samaki, hakuna aliyeandikiwa. Hata wenye kura walikuwa wale wanaume tu waliosajiliwa kuwa raia huru wa mji. Tunaposema aliwasiliana na wapigakura wake, tuseme kwa sauti ndogo.

Bado haitoshi. Hatari ya 1675 haielezi ukimya wa mambo yasiyo na hatari. Na mwishoni mwa 1677 ukatoka, bila jina, waraka mrefu wa kisiasa unaosema kuna njama ya kuigeuza Uingereza kuwa nchi ya Kikatoliki na ya udikteta. Mle ndani mwandishi anawachambua wabunge: karibu theluthi yao wana vyeo vyenye maslahi kutoka kwa mfalme, wengine wanavisubiri, na wanaobaki huru ni wachache. Serikali ikatangaza zawadi kwa atakayemtaja mwandishi. Mwandishi alikuwa mbunge wa Hull. (Tusiufagilie waraka wote, chuki yake kwa Wakatoliki ni ya kweli, haipendezi, na karibu mwaka mmoja baadaye watu walinyongwa kwa uzushi uliostawi kwenye udongo huohuo.) Lakini kama tathmini ya jinsi kura zinavyonunuliwa, hakuna barua hata moja ya Hull inayoukaribia. Aliijua hesabu ile. Aliweza kuieleza. Aliieleza kwa nchi nzima, akiwa amefunika uso.

Mwaka huohuo wa 1677 ilizunguka orodha nyingine isiyo na jina, A Seasonable Argument, iliyowapanga wabunge mkoa kwa mkoa na kutaja kila mmoja amepata nini: cheo hiki, pensheni ile, pauni kadhaa. Wapo waliosema ni ya Marvell. Wataalamu hawakubaliani na sitaki kumsingizia. Nilipoisoma mara ya kwanza nilikumbuka Nairobi.

Mtakumbuka nanyi. Tarehe 20 Juni 2024 Muswada wa Fedha wa Kenya ulipita kusomwa mara ya pili kwa kura 204 dhidi ya 115. Tarehe 25 ukapita hatua ya mwisho kwa 195 dhidi ya 106, na siku hiyohiyo vijana wakaingia ndani ya majengo ya Bunge, na watu wakauawa mitaani. Kesho yake Rais Ruto akasema hatausaini. Katika siku zile maandishi yaliyosomwa zaidi Kenya hayakuwa hotuba wala tahariri. Yalikuwa majina. Jina, jimbo, ndiyo au hapana, simu kwa simu. Namba za wabunge zilisambazwa, na meseji zikawamiminikia. Wengine walilalamika kwamba huo si utaratibu wa kuwasiliana na mbunge. Labda. Lakini mwananchi aliyekuwa akipokea salamu za sikukuu tu kutoka kwa mheshimiwa wake alikuwa ameona, kwa mara ya kwanza, kitu ambacho Marvell hakuwahi kumwandikia mtu wa Hull: mheshimiwa alisimama wapi.

Orodha nayo, kama maandishi, ina ufukara wake. Inakupa kura bila sababu. Jina lenye "ndiyo" linaweza kuwa la aliyenunuliwa, la aliyeogopa chama, au la aliyesoma muswada wote akaamini kwamba nchi inahitaji fedha. Ukiisoma huwezi kuwatofautisha. A Seasonable Argument inajaribu kuweka sababu, ila sababu ni moja tu kwa wote, hela, na baada ya kurasa tatu unaanza kuwa na mashaka kwamba binadamu ni wepesi hivyo.

Tanzania tuna ugonjwa mwingine. Bajeti kuu wabunge wanaipigia kura wakiitwa jina mmoja mmoja, na hapo unasikia. Miswada mingi inapita kwa sauti: wanaoafiki waseme ndiyo, wasioafiki waseme siyo, na kiti kinaamua kwa sikio nani wameshinda. Taarifa rasmi za mijadala zipo, tena kwa Kiswahili, neno kwa neno, na yeyote mwenye subira anaweza kuzisoma. Ila "ndiyo" iliyosemwa na watu 300 kwa pamoja haina jina. Mwaka 1661 walau waliotoka nje walionekana wakitoka. Na Januari 2016 serikali ilipotangaza kwamba televisheni ya taifa itaacha kurusha vikao moja kwa moja, wengi wetu tuligundua kwamba hatukuwa na Marvell wa kutujazia pengo. Tulikuwa na kalenda zenye picha ya mheshimiwa, fulana, rambirambi, video ya kukabidhi madawati. Mawasiliano yalikuwepo, mengi tu. Yeye alikuwemo kwenye kila kipande, anatabasamu. Bunge ndilo lililokosekana.

Hapo ndipo naona thamani ya juzuu ya pili ya Margoliouth kwa msomaji wa Kiswahili wa leo. Marvell aliwapa watu wake Bunge akajiondoa yeye. Wetu wanatupa wao wenyewe na kutuondolea Bunge. Kati ya hao wawili namchagua Marvell bila kusita, kwa sababu kwa barua zake mtu wa Hull angeweza kujua kodi inakuja lini na mlango gani wa kubisha. Lakini namchagua nikiwa nimenuna. Alikuwa na kalamu bora kuliko wabunge wote 500 na ushei waliokuwa ukumbini, na waliomlipa hawakuwahi kusoma kalamu hiyo ikifanya kazi yake. Mashairi yenyewe yalichapishwa mwaka 1681, miaka mitatu baada ya kifo chake, na mtunza nyumba aliyedai kuwa ni mjane wake.

Alipofariki, baraza la Hull lilitoa pauni 50 za mazishi. Kwa kiwango cha posho yake hizo ni siku 150 za vikao. Walimpenda, hilo halina ubishi.

Anayetaka kuanza asianze mwanzo. Chukua barua za Hull za Februari na Machi 1670, kisha papo hapo ile ya Popple ya tarehe 21, uzisome kwa kikao kimoja. Rudi nyuma kwenye ile ya Gilby ya 1661. Za kodi za 1666 zisome ukiwa na Last Instructions pembeni, la sivyo zitakulaza usingizi. Ya mwisho iwe ya Popple tena, ya Juni 1678, wiki chache kabla hajafa. Anamsimulia mpwa wake habari za waraka ule unaotafutiwa mwandishi. Anasema vitabu kadhaa vimedokeza kwamba ni mbunge mmoja, Bwana Marvell. Lakini kama kweli angekuwa yeye, anasema, bila shaka angekwishaitwa kuhojiwa Bungeni.